Bi Povu na Shuka Lenye Ndege

Mwaka umefika ukingoni, na kikundi chetu cha mashuka kina desturi ya kuwashukuru waliotushika mkono kabla mwaka haujafunga mlango. Miaka mingine huandika katibu, naye huandika vizuri: sabuni imefika, ndoo zimefika, ahsanteni sana, kwaherini. Mwaka huu katibu amejifungua mapacha, kalamu ameweka chini. Wakasema bibi atasema, mjukuu wake ataandika. Basi nasema. Mjukuu ameniomba nisiongeze chumvi. Nimemwambia mboga isiyo chumvi huitwa dawa, na mimi sikuambiwa niwatibu watu.

Kwa asiyetujua, sisi ni wanawake wa mtaa mmoja, na kazi yetu ni kufua mashuka ya wagonjwa waliolala majumbani, wale ambao kitanda kimekuwa ndiyo dunia yao. Kila Alhamisi mashuka machafu hutolewa kwa mlango wa nyuma, yakachemshwa, yakafuliwa, yakaanikwa, yakapigwa pasi, yakarudi kwa mlango uleule. Mgonjwa akilala pakavu, unapanuka hata moyo wake. Haya tunayafanya kwa nguo kuukuu mnazotuletea, kwa sabuni yenu, na kwa mkaa. Mkaa ndio roho ya kazi. Shuka la mgonjwa halisikii maji baridi. Utalifikicha mpaka vidole viombe likizo, na doa linakutazama tu, halina habari.

Mwaka huu nusura mkaa utukimbie, na kikundi kife. Aliyetufikisha huko ni mwenyekiti wetu. Aliyetutoa huko ni yeye yuleyule. Hapendi kusemwa, kwa hiyo nitamsema vizuri.

Tunamwita Bi Povu. Wenye adabu husema ni kwa ajili ya sabuni. Waliowahi kufua ovyo mbele yake wanaijua sababu ya pili.

Alizaliwa ngumi zimefumbwa, moja imegeukia huku na nyingine kule, kama mtu anayekamua nguo. Mkunga alipozifumbua, yakachuruzika maji. Mimi sikuwepo, lakini sijawahi kuhitaji kuwepo mahali ili nijue yaliyotokea. Ujana wake aliumalizia nyumba ya wageni, akiwa dobi. Alikuwa akipiga pasi shuka mpaka nzi akitua anateleza. Mgeni mmoja, mtu mzito, mfanyabiashara, alipanda kitandani akajigeuza mara moja tu, akateleza toka shukani mpaka sakafuni, toka sakafuni mpaka ukumbini, wakamkuta asubuhi mapokezi, bado anakoroma. Alipoamka hakulalamika, aliomba chumba hichohicho kwa safari nyingine. Mumewe Bi Povu alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno machache, kwa kuwa pale nyumbani maneno yalikuwa na mwenyewe. Walipendana sana. Alipokufa, Bi Povu aliifua sanda mwenyewe ingawa ilikuwa mpya. Alisema dukani wanashikashika.

Linalofuata halina chumvi.

Alipokuwa msichana, mama yake alipooza upande mmoja. Nyumba ilikuwa kavu, hapana hili wala lile, na mgonjwa alilala juu ya gunia. Jirani akaona huruma, akaleta shuka zuri la maua ya manjano. Wakashukuru mpaka sauti zikakauka. Kesho yake, pale bombani, mbele ya ndoo zote za mtaa, jirani akamuuliza msichana, "Vipi, shuka langu linaendeleaje?" Siku ya pili vilevile. Hakuuliza mgonjwa kalalaje, aliuliza shuka. Mara akaja na wageni wake, akasimama mlangoni akaonyesha kwa kidole, "Lile pale ni langu." Walipoondoka, mama akamwambia binti yake, kwa ule mdomo uliopinda, "Mwanangu, niligeuzie upande wa nyuma, maua yasionekane." Msichana hakuligeuza. Alilitoa, akalifua, akalikunja, akalirudisha kwa mwenyewe. Mama akarudi kwenye gunia lake. Gunia linawasha, lakini halina mtu wa kuliulizia hali.

Kwa hiyo, alipostaafu na kuanzisha kikundi uani kwake, kwa mapipa mawili na sisi majirani tusio na kazi za maana, Bi Povu alikuja na sheria yake kichwani, imeshaiva. Nguo yoyote inayoletwa haiingii majini kabla haijaingia mkasini. Shuka la huyu, pazia la yule, gauni la mwingine, yote yanakatwa vipande, vinachanganywa, fundi cherehani wetu anaviunga kuwa mashuka mapya ya viraka. Hakuna shuka letu lililotoka nyumba moja. Mtoaji akipita nyumba ya mgonjwa, hana cha kukinyooshea kidole. "Mpaji hamjui mlalaji, mlalaji hamjui mpaji," husema Bi Povu, "wote wawili wanalala usingizi." Na mkasi wake una haraka. Furushi lako likiingia na chai iko mezani, chai itapoa na furushi halitakuwepo.

Hiyo ndiyo sheria tuliyoishi nayo, tena tukajivuna. Mpaka alipokuja muuza mkaa.

Muuza mkaa mnamfahamu, ni mwenzenu katika kututegemeza. Tangu tuanze, mkaa wa kuchemshia na wa pasi umetoka kwake, bure, kila Jumatano jioni. Na tangu tuanze hajawahi kuvuka kizingiti cha ua, kwa sababu mtu yule akipita karibu na shuka jeupe, shuka linashtuka. Huacha gunia mlangoni, anabisha, anakwenda zake. Bi Povu humwita shemeji, kwa kuwa marehemu mkewe alikuwa rafiki yake wa tangu utotoni. Alifariki mwaka juzi, mwanamke mcheshi, mpishi hodari.

Siku hiyo haikuwa Jumatano. Tulikuwa tumekaa na fundi cherehani tunakunja.

"Hodi, dada."

"Mkaa mlangoni, shemeji, unajua desturi," akasema Bi Povu bila kugeuka.

"Sikuja na mkaa."

Akageuka. Shemeji alikuwa amesimama kati ya mashuka yaliyoanikwa, ameshayapita mawili, na kila moja lina alama ya bega lake.

"Mke wa mwanangu aliwaletea furushi," akasema. "Kipindi kile cha mvua. Alikuwa anasafisha chumba, akatoa vya sandukuni akijua ni vikuukuu. Leo nimefungua sanduku. Humo kulikuwa na shuka jeupe. Lina ndege pembeni, wa kudarizi."

"La marehemu," akasema Bi Povu.

"Alilianza akiwa mchumba wangu. Hakulimaliza. Ndege wote hawana macho, alisema atawatia akipata uzi mweusi mzuri. Na kila akipata uzi anapata na mtoto." Akacheka kidogo, kile kicheko kinachotoka puani. "Nimekuja kulichukua, dada. Nitaleta mengine mawili mapya."

Fundi cherehani akainamia mashine yake kama kwamba imemwita. Mimi nikatazama mikono yangu. Sote tulikuwa tunawakumbuka wale ndege. Marehemu, Mungu amrehemu, katika sufuria hakuwa na mpinzani, lakini sindano ilikuwa haimpendi. Ndege wake walifanana na mabirika. Tuliwacheka siku ile, tukawakata.

Sasa hapo mtu mwingine angesema ngoja tutafute. Angesema mimi sikuwepo, waulize hawa. Mimi mwenyewe nilishatunga la panya, panya mkubwa wa ajabu, nilikuwa nafungua mdomo. Bi Povu akasema, "Nimelikata. Kwa mkono wangu."

"Lote?"

"Lote. Limeingia mashuka mengi, shemeji. Limeshakwenda."

"Limekwenda wapi?"

"Liko chini ya watu."

"Nyumba zipi?"

"Hilo sikwambii."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Yule mtu hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akasema, "Dada, maji yenu yanachemka kwa mkaa wangu miaka yote hii. Nimewahi kukuuliza unamchemshia nani?"

"Hujawahi. Ndiyo maana nakuheshimu."

"Basi heshima hiyo ikuchemshie." Akatoka, na njiani akalipaka shuka la tatu.

Jumatano iliyofuata hatukusikia hodi. Mkaa wa kununua ulikuwa juu ya uwezo wetu, nanyi wafadhili wengine mnatupa sabuni na nguo, hakuna aliyewahi kufikiri mkaa, kwa sababu mkaa ulikuwa na mwenyewe. Tukafua kwa maji baridi. Mashuka yakarudi majumbani na madoa yake na harufu yake, na mgonjwa mmoja, mzee wa watu, akaanza kutoka vidonda mgongoni. Mwanawe alitupokea mlangoni, akalipokea shuka kwa mikono miwili kama kawaida, akasema ahsante, akalinusa. Sijapata kuona aibu kubwa kama ile pua.

Fundi cherehani akasema waziwazi, "Dada, mimi nayajua mashuka yenye wale ndege. Niliyashona mwenyewe. Tukiyakusanya nitavifumua vile vipande kwa saa moja, tukampa shemeji vya mkewe, tukapata mkaa wetu. Wagonjwa tutawapa mengine. Shida iko wapi?"

"Tutawaambia nini tukiyatoa chini yao?"

"Tutawaambia mwenyewe anayataka."

"Haya," akasema Bi Povu. "Na tangu siku hiyo kila mgonjwa akilala ajiulize lililobaki ni la nani, na mwenyewe atakuja lini. Tutakuwa tumeanza kuwalaza juu ya vitu vya watu. Mimi nilimwona mtu akilala hivyo."

"Kwa hiyo tuwalaze kwenye madoa."

Hilo nalo lilikuwa neno la kweli, na Bi Povu neno la kweli halipigi teke, hata likitoka kwa adui, sembuse kwa fundi cherehani.

Alhamisi iliyofuata tulikuta maji yanachemka. Tukashangilia, tukadhani shemeji kalegea. Kumbe chini ya pipa kulikuwa na mlango wa kabati. Bi Povu alikuwa amelivunja kabati lake la nguo kwa shoka, lile alilonunuliwa na dereva wake, mninga mtupu, linawaka polepole kwa majivuno.

Nikamwuliza, "Sasa nguo utaweka wapi?"

"Mwilini."

Wiki iliyofuata likawaka sanduku. Iliyofuata, kitanda. Godoro lake likawa sakafuni, naye goti lake ni lile lisilopenda kuinuka. Mnanijua, ningependa kuwaambia kwamba alichoma na paa. Hakuchoma paa. Lakini nilimwona akilitazama.

Kitanda kilipokwisha, alijifunga kanga, akaenda kwa muuza mkaa mchana kweupe. Nilimfuata. Alisema nisimfuate, ndipo nikajua nimfuate. Tulimkuta anajaza madebe. Akamwona, akaendelea kujaza.

"Shemeji, sikuja kuomba mkaa," akasema Bi Povu.

"Vizuri, maana haupo." Alikuwa amesimama mbele ya mlima wake.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Ya nini? Hukujua ni la nani."

"Ndilo kosa lenyewe. Nilijiwekea sheria nisijue, nikaacha hata kuuliza kama mtoaji ametoa kwa moyo. Mwenye mkasi ndiye wa kuuliza. Sasa furushi likiingia, linakaa juu ya kamba ndani mwangu mwezi mzima. Mwenye kujuta ajute, aje achukue. Nimechelewa kwako, lakini hatachelewa mwingine."

Mzee wa mkaa akaweka debe chini. "Na la mke wangu?"

"Kulitoa chini ya wagonjwa, sitalitoa. Hilo hata ukininyima na maji ya bomba siwezi. Lakini mashuka hurudi kufuliwa, shemeji. Yakifika uani yameshachanganyika, kwa macho yako hayana nyumba wala jina. Njoo ufue. Litapita mkononi mwako."

"Mimi? Mkono huu?" Akaunyoosha. Sikuona kiganja wala kucha, niliona mkaa wenye vidole.

"Mkono unafulika," akasema Bi Povu. "Nimefua vibaya kuliko huo."

Alhamisi hiyo hakuja. Tulichemsha kwa vitasa vya mlango wa jikoni, maana mlango wenyewe ulishatangulia. Haya, vitasa haviwaki. Mlango ndio uliowaka.

Alhamisi ya pili, tumejipanga mapipani, kukabishwa hodi. Akaingia mtu simjui. Kanzu fupi safi, mikono imesuguliwa mpaka viwiko inang'aa kama ya bwana arusi. Alikuwa ameisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, nahisi na kwa sala.

Fundi cherehani akasema, "Kumbe shemeji ana kucha."

"Tena kumi," nikasema mimi. "Miaka yote alikuwa anatuficha."

Akatabasamu kwa shida, akakaa kwenye kigoda. Bi Povu akampa beseni, na heshima ya mgeni ikaishia hapo. "Shemeji, unafua au unapapasa? Hilo shuka si mgonjwa, mgonjwa yuko nyumbani. Fikicha." Akafikicha. Akafua la kwanza, la pili, akikigeuza kila kiraka. Pazia la mtu. Gauni la mtu. Kitambaa cha meza cha mtu, nasikia ni cha mmoja wenu, kina mchuzi wa arusi ambao haujatoka mpaka leo. Jua likapanda. Tukaanza kuogopa kwamba ndege hawatakuja siku hiyo na yeye hatakuja tena.

Kisha akaacha kufikicha. Alikuwa ameshika kipande cha pembeni, amekitoa povu kwa kidole gumba. Ndege wawili. Mabirika yaleyale.

"Hawa," akasema. "Alikuwa akiwaita njiwa. Mimi nikamwambia mabata. Tumegombana kwa ajili ya hawa mpaka wajukuu." Akawasogeza karibu na uso. "Dada, huyu nani kamtia jicho?"

Tukainuka sote. Ndege mmoja alikuwa na jicho. Dogo, jeusi, la uzi uliochomolewa kwenye nguo nyingine, maana ulikuwa mfupi, na mishono yake ilikuwa inayumba, mishono ya mtu anayeshona amelala chali. Ndege wa pili alikuwa na nusu ya jicho, uzi umekatikia njiani.

Hakuna kati yetu aliyefanya vile. Fundi cherehani aliapa, na mishono ile ilimtetea. Ni mtu mmoja huko majumbani, amelala, mchana mrefu, kaona ndege hawana macho, haikumpa raha. Bi Povu alilitazama lile shuka, na mimi nikamtazama yeye. Analijua lilikotoka. Mpaka leo hajasema, nami nimejaribu kila hila.

Akachomoa mkasi kiunoni mwake, mkasi ambao hata mimi sijawahi kuruhusiwa kuushika, akauweka kwenye ukingo wa beseni la muuza mkaa. "Shemeji, hapa hakuna mgonjwa wa kushtuka. Shuka liko mkononi mwako. Ukitaka kukikata kipande chako, kata. Nitaweka kiraka kingine, na hutasikia neno langu."

Yule mtu akautazama mkasi. Akamtazama ndege mwenye jicho na mwenye nusu. Akachukua fimbo ya kuchemshia, akaliinua shuka zima, akalitumbukiza pipani, akalikandamiza chini mpaka maji yakalifunika.

"Hajamaliza," akasema. "Amwache huyu ndege wa pili na nusu jicho kwa ajili yangu?"

Jioni ile gunia la mkaa lilikuwa mlangoni, na la pili juu yake. Tangu hapo yeye hufua nasi Alhamisi moja moja, akifunga biashara. Fundi cherehani anasema ameshawapiku wawili kati yetu, lakini hatutaji, na mimi si mmoja wao. Bi Povu bado analala chini. Kuna fundi seremala kati yenu aliyesikia, kitanda kinapigwa randa, yeye hajui, kwa hiyo msimwambie mpaka mwaka mpya.

Basi ninyi wa sabuni, wa nguo, wa ndoo, na yule anayetuachia maji ya bomba lake na kujifanya amesahau kulifunga, tunawashukuru. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Msituulize nani kalalia nini chenu. Jueni kwamba kimelaliwa, na kwamba aliyelala kageuka upande wa pili bila kumwogopa mtu.

Wiki iliyopita, tukikunja mashuka ya mwisho ya mwaka, shemeji alimsogelea Bi Povu, akamtilia mkononi kibunda cha uzi mweusi. "Kiweke ndani ya lile shuka litakaporudi," akasema. "Na sindano nimechomeka. Usiniambie linakwenda wapi."

Bi Povu akauvuta uzi, akauloweka mate, akausugua kwenye kona ya kanga yake, akaitazama ile kona.

"Huu unachuja, shemeji," akasema. "Kalete mwingine."

Naye akaenda.